Kujiosha baada ya tendo hakukingi kisonono
Mdogo wangu, umeuliza kama kujiosha kwa sabuni na kukojoa mara baada ya tendo kunatosha, kwa kuwa mwenzako "anaonekana msafi". Hapana, hakutoshi. Kisonono na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, havionekani usoni. Wanawake wengi huwa navyo bila dalili hata moja, na wanaume pia wapo, huku ugonjwa ukipanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Nimeona dada wa miaka 24 akihangaika kupata mtoto kwa sababu hiyo, inauma sana.

Kondomu inakinga, ila itumike vizuri. Ile unayoikalia kwenye pochi mfuko wa nyuma miezi mitatu imeshachoka kwa joto na msuguano. Soma tarehe, bonyeza pakiti usikie hewa ndani, na usipake mafuta ya nazi wala ya mgando, yanalainisha mpira unapasuka. Mbili kwa pamoja ndiyo kabisa usijaribu.

Kapimeni wote wawili. Tanzania, tangu sheria ibadilishwe 2019, mwenye miaka 15 anapima VVU bila ruhusa ya mzazi. Kondomu ikipasuka na una wasiwasi na VVU, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia.

Na tafadhali, usinunue vidonge viwili vitatu duka la dawa kwa kubahatisha. Usaha unaotoka sehemu za siri unaweza kukauka, ugonjwa ukabaki, na mwenzako ambaye hajatibiwa atakurudishia.