Kuzisaidia jamii za asili zifanye tathmini yao ya mazingira: uanzie wapi?

Mdogo wangu, kwa kifupi umeuliza hivi: umemaliza Chuo Kikuu Ardhi, umesikia kwamba Kanada jamii za asili zinafanya tathmini zao wenyewe za athari kwa mazingira, sasa unataka kujua utajifunzaje kuwasaidia Wahadzabe, Wamasai au Wabarabaig wafanye hivyo hapa kwetu. Na mwishoni ukauliza kama inabidi uende kusoma Kanada. Mimi kazi ya TAM (tathmini ya athari kwa mazingira) nimeianzia kwenye kampuni ya ushauri hapa Dar, baadaye nikahamia upande wa vijiji. Nitakujibu kwa ninayoyajua, vumilia urefu.

Kitu cha kwanza cha kukiangalia ni nani anaandika hadidu za rejea, yaani waraka unaopanga tathmini itajibu maswali gani. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, anayegharamia tathmini ni mwekezaji, kwa hiyo yeye ndiye anayemtafuta mtaalamu. Mtaalamu akifika kijijini, maswali yameshapangwa zamani ofisini Mikocheni, Dar. Wanakijiji wanaitwa, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanapewa soda na posho, wanarudi nyumbani. Majina yao yanapachikwa nyuma ya ripoti kuonyesha wameshirikishwa. Matangazo yalibandikwa, muhtasari wa Kiswahili upo, sheria haijavunjwa popote. Ila hakuna swali lao hata moja lililoingia humo.

Kuna kijiji kimoja cha wafugaji kaskazini nilikokwenda kuwasaidia wazee kuipitia ripoti ya namna hiyo. Eneo kubwa lilikuwa limeandikwa "halina matumizi kwa sasa". Wataalamu walikuja masika, wakakuta majani yamefika magotini na hakuna hata ng'ombe mmoja, wakapiga picha, wakaandika walichokiona. Kumbe lile ni alalili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili kiangazi kikikaza wapate pa kupeleka ndama na mifugo dhaifu. Kutokuwepo kwa ng'ombe ndiyo matumizi yenyewe. Mzee mmoja akauliza, "Kwani ghala likifungwa, mtu anasema halina mwenyewe?" Hakuna aliyejibu. Sasa fikiria kama wale wazee ndio wangepanga maswali tangu mwanzo. Swali la kwanza lingekuwa hili: nani anatumia wapi, mwezi gani, na mwaka wa ukame inakuwaje? Ratiba nzima ya kazi ya uwandani ingebadilika.

Hiyo ndiyo tofauti ya "kushirikishwa" na kuongoza. Squamish, jamii ya asili ya pwani ya magharibi ya Kanada, walipoletewa mradi wa kiwanda cha gesi wa Woodfibre, walisaini makubaliano na kampuni: kampuni inalipa gharama, lakini Squamish wanachagua wataalamu na kupanga maswali, na kampuni inakubali kufungwa na matokeo. Mwaka 2015 baraza lao likaridhia mradi kwa masharti 25. Mojawapo lilikuwa kwamba wao ndio watakaochagua namna ya kupoza mitambo. Kampuni ilitaka kuvuta maji ya bahari, wenyewe wakawa na wasiwasi na samaki, na mwaka 2016 wakaamua mitambo ipozwe kwa hewa. Kampuni ikabadilisha. Zingatia kwamba hawakuukataa mradi. Hapa Dar kuna watu wakisikia jamii inafanya tathmini yake wanaona tayari maandamano.

Lakini usije ukawaahidi watu mwisho mwema. Jirani zao Tsleil-Waututh walitoa tathmini yao ya upanuzi wa bomba la mafuta la Trans Mountain mwaka huohuo wa 2015, wakasema hapana. Mwaka 2018 mahakama ilifuta kibali cha serikali, na mashauriano mabovu na jamii za asili yalikuwa sehemu ya sababu. Mwaka huohuo serikali ikalinunua bomba lenyewe, mwaka uliofuata ikauidhinisha upya upanuzi, na mwaka 2024 mafuta yakaanza kupita kwenye bomba jipya.

Hapa kwetu ulizingatie hili: Tanzania iliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili mwaka 2007, lakini ndani ya nchi msimamo wa serikali ni kwamba Watanzania wote ni wa asili. Ukiingia wilayani na hoja ya haki za watu wa asili utazunguka sana. Mlango unaofunguka ni ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, hata ya pamoja, kama waliyoipata Wahadzabe wa Bonde la Yaeda mwaka 2011. Kijiji chenye hati, mpango wa matumizi ya ardhi na muhtasari wa mkutano mkuu uliosainiwa kinaweza kuandika ripoti yake na kuiwasilisha mapema, hadidu za rejea zikiwa bado hazijapitishwa. Ikiletwa wakati ripoti kuu imeshahakikiwa, itapokelewa kwa heshima na kuwekwa kabatini.

Mazoezi unaweza kuanzia hapahapa Dar. Nenda Kunduchi kwa wavuvi, hata kama wao si kundi unalolifikiria. Kaa nao msimu wa upepo wa kusi na urudi msimu wa kaskazi. Waulize maji yanafika wapi wakati wa bamvua, yanapojaa sana, na ni nini kinachofanyika pale ufukweni wakati wa maji mafu, yasipojaa wala kutoka sana. Chora ramani yao kwenye mchanga wao wakishika kijiti, wewe ukishika daftari. Halafu tafuta ripoti ya mradi wowote wa ufukweni uone yaliyoachwa. Na akina mama wanaokaanga samaki uwaendee peke yao, kwa saa zao, maana kwenye mkutano wa wote watakuachia waume zao waseme.

Kuna taarifa utakazopewa ambazo hazitakiwi kuingia kwenye ramani: mahali pa tambiko, mti wa dawa, chemchemi. Kubalianeni kabla hujawasha GPS nani anatunza data na nani anaruhusu itoke. Eneo linaweza kuwekewa mpaka wa kutoguswa bila kutaja sababu. Mhakiki akilalamika, mwambie kijiji ndicho chenye jibu.

Kuhusu malipo, mkataba wako uwe na halmashauri ya kijiji, umepitishwa kwenye mkutano mkuu, hata kama fedha inatoka kwa shirika. Anayekuajiri ndiye anayeweza kukuambia ripoti irudiwe.

Na Kanada? Ukipata ufadhili nenda. Ila kabla ya hapo jifunze Kimaasai, au Kidatoga wanachosema Wabarabaig, cha kutosha kufuata kikao bila kumtegemea mkalimani aliyeletwa na kampuni. Na ujisajili NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama mtaalamu wa TAM, kwa sababu siku kijiji kikitaka hoja zake zisimame mbele ya wahakiki, kitahitaji mtu mwenye usajili upande wake. Mimi niliowakuta wakifanya hivyo ni wachache. Wengi wanategemea wawekezaji, na siwalaumu, kodi ya ofisi Mikocheni si mchezo.