Barua kwa mwanangu: "Ndiyo" haikazi nati

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unasema kijana wa atachi, yule mwanafunzi wa chuo anayejifunza kazini kwenu, amebakiza wiki mbili hapo karakanani Kisumu, na fomu ya chuo ya kumpima iko mezani kwako. Juzi basi lilikuwa limeshashushwa kwenye jeki, ukapapasa gurudumu la mbele ukakuta nati tatu zinazunguka kwa vidole, ilhali kwenye daftari lake ameandika kwamba amekaza zote. Ukauliza: "Baba, niandike ukweli afeli, au nimpitishe aende zake?"

Nilipofika kwenye zile nati, mama yako aliniangalia, akainuka akaenda jikoni. Alijua mawazo yangu yameelekea wapi.

Unamkumbuka kijana wa Bahati, yule aliyetoka kule Bahati kuja kujifunza kazi kwangu. Ulikuwa darasa la nne, mwaka 2003, na kila ukitoka shule ulipitia gereji yetu pale Kaptembwa ili akusukume kwenye kile kibao cha magurudumu tunacholalia chini ya gari. Siku moja ulikuja hukumkuta. Ukaniuliza ameenda wapi, nikakuambia amepata kazi Nairobi. Haikuwa kweli, mama. Nilimfukuza.

Kulikuwa na Canter ya mteja aliyekuwa akileta viazi kutoka Molo. Tulikuwa tumemaliza breki za nyuma na tunarudisha magurudumu. Canter za siku hizo, kama malori mengi ya Kijapani, zilikuwa na magurudumu mawili mawili nyuma kila upande, na kila bolti ilibeba nati mbili: ya ndani, ndefu kama kikofia, inashika gurudumu la ndani, ya nje inakaa juu yake na kushika gurudumu la nje. Ukishafunga ya nje, huwezi tena kuikaza ya ndani mpaka uilegeze hiyo ya nje kwanza. Tena upande wa kushoto zinakazwa kinyume, zimepigwa herufi L. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu yeye hakuyajua, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi. Miezi mitano aliyokaa nasi alikuwa ameshika Corolla na Peugeot tu.

Nati za ndani nilizianza mwenyewe kwa mkono. Mteja mwingine akaniita. Nikamwambia kijana, "Malizia hapo," nikaenda. Baadaye, nikiwa kwa mama wa chai, kikombe mkononi, nikamwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Umekaza?" Akajibu, "Ndiyo, fundi." Nikamalizia chai yangu.

Dereva alifika Molo, akapakia, akageuka. Juu ya Sachangwan, kabla hajaanza kuteremka kuelekea Salgaa, akasikia mlio kama debe linagongwa nyuma. Mungu alimpa akili ya kusimama. Bolti mbili zilikuwa zimekatika na matundu ya rimu yameliwa yakawa marefu kama yai. Unaujua mteremko ule, hakuna mtu wa Nakuru asiyeujua. Mwaka 2009 lile lori la petroli lilipowaka pale Sachangwan na watu zaidi ya 100 wakafa, nilikaa kitandani usiku kucha nikiwaza Canter ile, ingawa mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo.

Mwenye gari alikuja gereji na hasira zake. Nami nikamwita kijana mbele yake, mbele ya dereva, mbele ya mama wa chai na wateja wake, nikamwambia avue ovaroli. Hapo hapo. Akavua, akabaki na fulana yenye tundu begani. Hakusema neno. Nikamwonea huruma kidogo, kisha nikaona ametulia kupita kiasi, nikasema kwa sauti kwamba hata kuomba msamaha hajui. Akaondoka na ovaroli mkononi. Mwenye gari akaridhika.

Asubuhi yake nikaingia mwenyewe kwenye kazi. Nikafungua upande wa pili, ule ambao haukuharibika. Nati za nje zilikuwa zimekazwa barabara, kuliko ambavyo ningezikaza mimi. Nililazimika kusimama juu ya mkono wa spana kwa uzito wangu wote ndipo zikaachia. Nikafika kwenye za ndani. Zilikuwa vile vile nilivyoziacha mimi, za mkono. Kijana alikuta zimeshawekwa na fundi wake, akaamini fundi amemaliza za kwake. Nilipouliza kama amekaza, alisema kweli. Alikuwa amekaza kila alichokijua.

Ndiyo maana umekua ukinisikia nikisema "ndiyo" haikazi nati. Ulidhani ni maneno ya gereji. Ni jina la siku ile.

Baada ya wiki moja mama yake alikuja nyumbani na kifurushi cha gazeti. Mama yako ndiye aliyempokea. Ndani mlikuwa na ovaroli, imefuliwa na kupigwa pasi, na mfukoni spana namba 17 iliyokuwa ya gereji. Yule mama alishukuru kwa muda niliokaa na mwanawe, akanywa chai, akaenda. Nilipanga kwenda Bahati. Bahati si mbali, ni matatu moja tu. Nilipanga Jumamosi ile, na Jumamosi iliyofuata. Sikwenda. Na mwenye Canter mpaka leo sijamwambia nati zile za ndani zilikuwa za nani.

Sasa turudi kwa kijana wako. Najua utasema mambo ni tofauti: wako ameandika jambo ambalo hakulifanya. Ni kweli, na sipendi mtu anayeandika uongo kwenye daftari la kazi, kwa sababu abiria hasomi daftari. Lakini nakuuliza: alipokuwa akifunga gurudumu lile, wewe ulikuwa wapi? Je, kuna fundi aliyesimama upande wake, au alipewa basi na karatasi? Nati tatu kati ya ngapi? Alianza kuzikaza kwa kukatiza, moja huku na nyingine ng'ambo, akaitwa kushika taa kwa mwingine? Kijana wa atachi huitwa na kila mtu. Lete maji, shika hapa, kimbia dukani. Akirudi hakumbuki ameachia wapi, na anaona aibu kusema hakumbuki, basi anaandika kile anachoona mnataka kusoma.

Mwajiri wako analipa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo. Ni vizuri, lakini shilingi hazisimami kando ya kijana. Akiumia, ile sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Basi ahesabiwe hivyo hata kabla hajaumia. Umeniambia anatembea kwa miguu kutoka Manyatta mpaka huko Obote Road na halipwi. Amekula nini saa nne mtu huyo? Nauliza tu. Mikono inayotetemeka kwa njaa nimeiona, na kwa mbali inafanana sana na uvivu.

Halafu, kusema haki, kuna upande wa pili, nami sitaki unione nimekuwa laini kwa uzee. Miaka michache baadaye alikuja mwingine, yule aliyekuwa akilala ndani ya magari ya watu. Kwa sababu ya kijana wa Bahati nikajiapiza sitamfukuza mtu tena. Nikamvumilia, nikafunika makosa yake, akiondoka nikampa barua nzuri. Barua ile ikampatia kazi kwingine, na huko akafunga injini bila kuweka oili, ikajamu. Mwenye gereji akanipigia simu, akanisomea maneno yangu mwenyewe. Kwa hiyo wino wa huruma nao unaua. Nimekosea kwa ukali na nimekosea kwa upole, na katika yote mawili sikuwa nimesimama pale mikono yao ilipokuwa. Labda kosa ni moja.

Wewe nilikufundisha tofauti, utakumbuka. Kwanza nilifanya wewe ukitazama, nikisema kila ninachokifanya. Kisha tukafanya pamoja. Kisha ukafanya peke yako nami nimekaa juu ya tairi, nimefunga mdomo, jambo ambalo mama yako hakuamini linawezekana. Ndipo nikakuacha, na bado nikapita na spana baada yako, wewe ukiona, si kwa kuvizia. Sikukuuliza hata mara moja kama umekaza. Nilisema, "Nionyeshe." Mtu akionyesha, unaona anaanzia wapi, unaona kama anasafisha uso wa rimu au anafunga juu ya kutu, unaona kama anashusha gari kabla ya kukaza mara ya mwisho. "Ndiyo" haikuonyeshi lolote kati ya hayo.

Nasikia siku hizi vyuo vya ufundi vinapima umahiri, na aliyeshindwa hawasemi amefeli; wanasema bado hajawa mahiri. Hilo "bado" nimelipenda. Ningekuwa na hilo neno mwaka 2003... Ila "bado" nayo ina deni. Ukimwandikia "bado" na wiki mbili zimebaki, atauliza bado kwa sababu ya nani.

Unaona ninavyokaribia kukujibu. Nina jibu langu, liko mdomoni, na mama yako kutoka jikoni ananiambia niliache huko huko, fomu ni yako na jina litakalowekwa chini ni lako. Haya. Nimeliacha.

Ila kesho asubuhi, kabla hujashika kalamu, mpe basi lile lile na gurudumu lile lile. Ile spana yenu ya kupima nguvu mpe yeye, usiishike wewe. Mwambie akuonyeshe, nawe ukae kimya. Jioni unipigie, uniambie alianza na nati ipi.

Baba yako