Muulize Mjomba: Hivi Stelingi Anakufaga Kweli?

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi msomaji wako wa huku Mikindani, nina jambo linanisumbua tangu utotoni. Tulienda kibanda umiza kuangalia Man on Fire ya Denzel Washington, ile anamlinda katoto ka kizungu, sasa imefika pale darajani, katoto kanabadilishwa na yeye, umeme ukakata, jenereta hakuna, tukaambiwa nendeni kwenu na hela haikurudi. Tangu siku hiyo shemeji yangu anashikilia kwamba Denzel anakufa pale, mi nasema haiwezekani, stelingi hafi. Juzi tumewekeana kilo ya korosho. Nani kashinda? Na we Mjomba muvi zako za Denzel ni zipi?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Umeliwa. Creasy, ndo huyo Denzel mwenyewe mle ndani, anavuka daraja, mtoto anakimbilia kwa mama yake, yeye anaingia kwenye gari la wale watekaji na risasi alishakula kitambo, anaegemea dirishani, macho yanafunga taratibu, basi. Kafa. Kitabu chenyewe muvi ilikotoka kipo kinyume, mle mtoto ndo anakufa na Creasy anabaki, kwahiyo ungekuwa umewekeana kwa kitabu saa hizi ungekuwa unatafuna.

Ila sikulaumu, kosa la vibanda. Sisi tumekuzwa na Komando na Rambo, jeshi zima linamfyatulia mtu mmoja na hakuna risasi inayompata, akichanika shati tu ukumbi mzima unapiga miluzi. Ndo tukajitungia sheria kwamba stelingi hafi. Denzel haijui hiyo sheria kabisa, na mi nimempendea hapohapo. Hesabu mwenyewe: Glory ya 1989, mtumwa mtoro aliyeingia jeshini, ana makovu ya mijeledi mgongoni, anakufa akiwa kabeba bendera, na ndo iliyompa Oscar ya kwanza, ya msaidizi. Malcolm X, 1992, habari ya yule mpigania haki za weusi wa Marekani, unajua tangu unakaa kwenye kiti kwamba huyu atapigwa risasi, saa tatu na ushee unamsubiri afe na bado ikifika unashtuka. Training Day ya 2001 ndo kabisa, polisi mwizi, anamzungusha kijana mgeni kazini siku nzima anamfundisha uchafu, mwisho mtaa mzima unamgeuka na anamiminiwa risasi kwenye gari lake. Ile ikampa Oscar ya stelingi mkuu mwaka 2002, mtu mweusi wa pili kuipata baada ya Sidney Poitier.

Ya kwangu namba moja ni hiyohiyo Man on Fire, na sababu hata sio risasi. Ni lile bwawa. Mtoto anaogelea vizuri ila kila mashindano anachelewa kuruka maana mlio wa bastola unamtisha, na huyu mlevi aliyetaka kujiua anakaa pembeni anamfundisha asiuogope mlio. Nusu ya muvi hakuna vita yoyote, ndo maana vibandani watu walikuwa wanapiga kelele "peleka mbele!" Ukiipeleka mbele umeiharibu, kisasi cha baadae utaona mtu anakata vidole vya watu bure tu. Ya pili kwangu John Q, baba hana hela ya kumwekea mwanae moyo mwingine anaiteka hospitali, hiyo kaangalie peke yako kama hutaki watoto wakuone unalia.

Kilo ya shemeji mpelekee. Ila mlisema korosho tu eti? Hamkusema zimebanguliwa? Basi mpe na maganda yake.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Niko Lindi mjini, naishi na baba, mzee mtu mzima, muvi za ngumi hataki, anapenda habari za ukombozi maana ujana wake kakaa Nachingwea. Nimwekee ipi ya huyu Denzel?

JIBU: Salama dada. Mzee aliyekaa Nachingwea enzi za kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, huna haja ya kumwelezea kitu, mwekee Cry Freedom ya 1987, Denzel ndani ni Steve Biko, yule mpinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Ilipigwa Zimbabwe maana Afrika Kusini yenyewe kwa wakati ule hapakupigika. Ila mtayarishe: Biko anauawa mapema, muvi haijafika hata nusu, muda wote uliobaki ni yule mwandishi mzungu Donald Woods anavyotoroka kavaa kipadri kwenda Lesotho. Mi inaniudhi mpaka leo, msiba wa kwetu halafu hadithi ya jirani. Lakini zile dakika za Denzel mahakamani, anamjibu hakimu bila kupandisha sauti, zinatosha. Akiipenda kesho yake Malcolm X, na muulize kama anakumbuka Malcolm mwenyewe alifika Dar Oktoba 1964 akaonana na Nyerere. Wazee ukiwagusa hapo hulali. Andaa na ming'oko ya kutosha, vile viazi pori vya kwetu, mtafune mkiongea.

SWALI: Mjomba mbona kwenye The Equalizer hafi? Fundi simu, Masasi.

JIBU: Fundi hapo umenikamata. Zipo tatu, 2014, 2018 na 2023, na hafi hata moja, kule ndo kawa stelingi wetu wa kibandani kabisa, anaangalia saa yake, sekunde kadhaa chumba kizima kimelala. Kabla ya hapo alikuwa hajawahi kurudia muvi hata moja, hiyo ya 2018 ndo mwendelezo wake wa kwanza kwenye maisha yake ya kazi. Mi ya kwanza naipenda, ya pili sina neno, ya tatu naiangalia kwa sababu moja: yule dada wa CIA anayempigia simu kule Italia ni Dakota Fanning, kale katoto ka darajani, miaka 19 baadae, kamekuwa mtu mzima kana bastola. Wa Mikindani kama unasoma, nenda kaiangalie. Na hakikisha umeme upo.