Taa ya injini imewaka? Nusa gari kwanza kabla ya kununua sensa

Mwaka juzi nilinunua sensa ya oksijeni ambayo gari langu halikuihitaji. Shilingi laki moja na ishirini, mtumba, Kariakoo, hapo bado hela ya ufundi. Siku nne baadaye ile taa ya njano yenye mchoro wa injini ikawaka tena nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, na jua lile, nikajiona mjinga.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, cc 1500, la 2006. Fundi alichomeka mashine yake chini ya usukani ikatoa kodi P0172. (Mafundi wanaiita kodi. Si ya pango wala ya TRA, ingawa nayo inajua kuutoboa mfuko.) Kodi hiyo inasema injini inapata mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Anayepeleka taarifa hiyo kwenye kompyuta ya gari ni sensa ya oksijeni iliyochomekwa kwenye bomba la eksozi. Basi fundi akaruka moja kwa moja: "Sensa imekufa, bosi." Nikakubali. Leo nikikumbuka naona tulimfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele kwamba kuna mwizi.

Aliyetoa fununu ya kweli ni mke wangu, na yeye hata boneti hajawahi kuifungua. Tulikuwa tunatoka kuweka mafuta, gari likagoma kuwaka, akaniambia, "Baba Nasra, mbona hili gari linanuna tukiwa sheli tu?"

Kweli bwana. Asubuhi nyumbani linawaka kwa stata moja. Nikishajaza mafuta, napiga stata mara tatu, mara nne, linawaka kwa kukohoa, linatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu linatulia. Na kulikuwa na kaharufu ka petroli kwenye kiti cha nyuma, hasa likishinda juani. Harufu hiyo nilikwisha izoea. Nilijiambia ni lile dumu nililolibeba kwenye buti wakati fulani. Mambo hayo mawili, yaani ugumu wa kuwaka baada ya kujaza na harufu, fundi hakuyauliza na mimi sikuyasema. Mashine ilizungumza, sote tukanyamaza.

Ili uone yanavyohusiana, inabidi ujue petroli inafanya nini ikiwa ndani ya tenki. Haitulii. Inatoa mvuke muda wote, na joto letu linauzidisha. Zamani mvuke huo uliachwa upotelee hewani. Marekani, ambako moshi na ukungu mchafu wa Los Angeles uliwatesa watu kwa miaka mingi, ndiko walikoanza kuubana: California kwa magari mapya ya 1970, majimbo mengine mwaka uliofuata. Njia waliyotumia ndiyo iliyomo kwenye gari lako hadi leo. Mvuke unatoka kwenye tenki kwa mpira, unaingia kwenye mkebe wa plastiki uliojaa punje za mkaa. Si mkaa wa mishkaki, ni mkaa maalumu wenye vitundu visivyohesabika vinavyounasa mvuke. Injini ikishapata moto, kompyuta inafungua vali ndogo iliyo karibu na injini, injini inaunyonya mvuke ule kutoka kwenye mkebe na kuuchoma pamoja na mafuta mengine. Hakuna kinachopotea.

Sasa vali hiyo ikikwama ikiwa wazi, injini inanyonya mvuke bila kipimo. Na wakati tenki linapotoka kujazwa ndipo mvuke unapokuwa mwingi kupindukia, kwa hiyo unapopiga stata injini inameza mvuke wa petroli badala ya hewa. Inapaliwa. Sensa ya oksijeni inaona mafuta yamezidi, inasema ukweli, na wewe unaing'oa.

Kipimo nilichokifanya hakikunigharimu hata shilingi. Asubuhi, injini ya baridi, nilifungua boneti nikaufuata mpira mwembamba unaotoka nyuma ya gari mpaka ulipoishia kwenye kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, chenye midomo miwili na soketi ya nyaya mbili. Nikachomoa mpira wa upande wa tenki, nikamwambia mke wangu awashe, nikaweka kidole gumba kwenye mdomo wa vali. Injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka, vali hii inatakiwa iwe imefunga, usisikie kitu. Kidole changu kilivutwa kikanata. Tukazima, nikaichomoa yote nikaipuliza kwa mdomo: hewa ikapita upande wa pili kama napuliza filimbi. Vali ya namna hii isipopewa umeme haipitishi hewa. Nikaigongagonga kwenye kiganja, zikadondoka punje nyeusi ndogo, kama unga wa kahawa.

Zile punje ni mkaa wa kwenye mkebe. Na hapo ndipo nilipojua kwamba kosa lilikuwa langu.

Unajua tunavyoweka mafuta. Bomba la sheli linajikata lenyewe, tak, tenki limejaa. Mhudumu anatazama mashine, inasoma elfu sabini na moja na mia sita. "Nikumalizie iwe sabini na mbili?" Unaitikia kwa kichwa. Anabonyeza tena, linakata, anabonyeza tena. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila nikisafiri kwenda Tanga, na wakati mwingine nilikuwa nalitikisa gari kwa mkono ili liingie lingine kidogo. Ile nafasi inayobaki juu ya tenki imeachwa makusudi ili mvuke ukae. Ukiijaza, petroli ya maji inapanda kwenye mpira wa mvuke na kuingia kwenye mkebe. Mkaa ulitengenezwa kwa mvuke. Ukilowa unaharibika, hauunasi tena mvuke vizuri (ndiyo ile harufu ya kiti cha nyuma), punje zinasagika, zinanyonywa na kwenda kukaa mdomoni mwa vali. Inachukua muda, lakini inafika.

Nilibadilisha vali na mkebe, vyote mtumba, kwa pesa pungufu ya ile ya sensa. Nilipuliza pia mpira wote kwa kompresa ya fundi wa matairi, maana ukiacha punje ndani vali mpya inakwama wiki hiyohiyo. Kodi nikaifuta baada ya hapo. Haijarudi.

Kuhusu kufuta, naomba tuelewane. Wengi taa ikiwaka wanachomoa kichwa cha betri, taa inazimika, wanashukuru Mungu. Ulichofanya hapo ni kuchana barua kabla ya kuisoma. Kodi inapohifadhiwa, kompyuta nyingi zinahifadhi pia hali ilivyokuwa dakika ile: mwendo, joto la injini, mzigo, kiasi cha mafuta. Mimi kodi yangu ingesomwa vizuri ingeonyesha kwamba ilijiandika gari likiwa limesimama linaunguruma tu, muda mfupi baada ya kuwashwa. Kifaa kidogo cha kuchomeka chenye bluetooth, kile wanachokiita ELM327, pamoja na programu ya simu, kinatosha kukuonyesha haya. Hakikisha tu unapiga picha ya skrini kabla hujagusa kitu.

Kifaa hichohicho kinaonyesha asilimia ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta ili kusawazisha. Karibu na sifuri ni afya. Langu lilikuwa linashuka mpaka hasi ishirini na kitu likitoka kujazwa. Ukitaka kuibana vali bila kuing'oa, funga mpira wake kwa plaizi uliyoizungushia kitambaa, gari likiwa linanguruma, utazame namba. Zikipanda kurudi kwenye sifuri umemkamata mwizi. Zisipobadilika, tafuta kwingine: injekta inayovuja, presha ya mafuta, filta ya hewa iliyoziba. Kazi hiyo ifanyie nje penye hewa, na tafadhali, nimewahi kuona mtu anamulika mpira wa petroli kwa kiberiti cha gesi. Simu yako ina tochi.

Rangi za taa nisizirefushe. Nyekundu ya oili au ya joto, simama hapohapo. Ya njano ya injini iliyotulia, endesha kistaarabu mpaka nyumbani. Ikiwa ya njano inapepesa, hiyo ni injini inamisi kiasi cha kuumiza masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye eksozi: petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye eksozi na masega yanayeyuka. Punguza mwendo, paki. Mara nyingi ni plagi au koili, vitu vya bei nafuu ukivilinganisha na masega.

Na kwa kuwa nimeyataja masega: fundi akikuambia "tuyatoe, yanabana pumzi ya gari", muulize yanakwenda wapi yakishatoka. Ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Wewe utabaki na gari linalonuka, na mengi yataanza kuandika P0420, kodi ya masega yasiyofanya kazi, na taa haitazimika tena.

Mdogo wangu anaishi Fort Worth, Texas. Yeye shida yake ilikuwa ya mvuke vilevile lakini kinyume na yangu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yanajipima yenyewe kama mfumo wa mvuke unavuja, na yanajipima kwa ukali: mengi yanakamata tundu la nusu milimita. Lake liliandika P0455, uvujaji mkubwa. Texas iliacha ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida Januari 2025, lakini kipimo cha hewa chafu kimebaki kwenye kaunti za miji mikubwa, na yake ni mojawapo. Taa ikiwa inawaka, unafeli, husajili gari.

Akanipigia usiku akiwa na bei ya gereji ya kutisha. Nikamwambia atoe mfuniko wa tenki auangalie mpira wake kwa mwanga. Ulikuwa umepasuka, mpasuko wa kama ukucha. Akanunua mfuniko halisi wa gari lile, akaukaza mpaka ukalia. Kisha akaanza kulalamika kwamba taa haijazimika. Haizimiki palepale; kompyuta inataka ijipime na ifaulu mara tatu mfululizo ndipo iamini. Na haijipimi ovyo: inataka gari lilale lipoe, tenki lisiwe tupu wala limejaa. Alitaka kuifuta kodi aende kupimwa kesho yake, nikamkataza, kwa sababu ukifuta unafuta pia kumbukumbu za vipimo vyote, na wapimaji wanaona. Aliendesha wiki nzima tenki likiwa nusu, taa ikazimika, akaenda akafaulu.

Huku kwetu mifuniko ndiyo imekuwa hadithi. Utaona gari la milioni kumi na tano limezibwa tenki kwa tambara na nailoni. Hata kama gari lako halijipimi uvujaji, vumbi na maji ya mvua vinaingia. Na mfuniko usio wake, usiopitisha hewa ya kuingia, unaweza kufanya ukiufungua usikie tenki linavuta pumzi ndefu. Mlio mdogo ni kawaida. Mvuto mkubwa, fuatilia.

Ile kumbukumbu ya vipimo ina faida nyingine ambayo laiti ningeijua mapema. Ukienda kununua gari yadi au kwa mtu, geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, balbu imekufa au kuna mtu ameichomoa. Nimeiona pia iliyounganishwa na taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja, ujanja wa hali ya juu. Kisha chomeka kifaa chako uangalie vipimo vilivyokamilika. Ukikuta karibu vyote havijakamilika na muuzaji anasema gari linatembea kila siku, ujue kodi zimefutwa asubuhi hiyo. Mwombe uliendeshe siku mbili. Wengi hapo wanakumbuka kuna mteja mwingine njiani.

Siku hizi nikipeleka gari gereji nasema dalili kwanza, lini linasumbua, likiwa la moto au la baridi, tenki limejaa au nusu, kabla mashine haijachomekwa. Na kila kifaa kinachotolewa nadai nipewe mkononi. Ile sensa yangu ya zamani sikuidai. Ilikuwa nzima kabisa, na nadhani sasa ipo kwenye gari la mtu, naye ameuziwa laki moja na ishirini.