Saa ya kuhesabu hatua, goti langu, na mwanangu aliyegeuka askari

Jamani mi goti langu la kulia linanisumbua mwaka wa sita huu, eksirei ilisema limesagika, yaani ile gegedu ya katikati imelika. Mwanangu yuko Muscat, alivyokuja likizo akaniletea saa janja, akanivalisha mwenyewe, akaiunganisha na simu, akasema mama hii itatusaidia kujua goti linaendeleaje. Nikafurahi, nani hapendi kuvalishwa saa na mwanawe.

Kumbe kaiunganisha na kwenye simu yake. Wiki ya pili tu zikaanza, "shikamoo mama, mbona jana hatua 900 tu?", mara "mama saa nane usiku ulikuwa macho, unaumwa?" Basi nikawa naivua naiacha juu ya friji, akipiga namwambia chaji iliisha. Uongo mtupu, Mungu anisamehe, lakini mtu mzima na wajukuu zako uulizwe mbona jana ulilala mchana, inachosha.

Halafu ile 10,000. Saa ilikuja na hatua 10,000 kwa siku, mi nikajua ndo agizo la kitabibu, nikazunguka uwanja wa shule jioni mpaka ikanipigia fataki kwenye kioo, kesho yake goti limejaa kama embe dodo, siku nne ngazi nazitazama tu. Kijana wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo hospitali, alicheka kweli. Akanambia hiyo namba imetoka kwenye biashara, Wajapani mwaka 1965 waliuza kimashine cha kuhesabu hatua wakakiita Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi, namba ikapendwa ikabaki hivyo hivyo mpaka leo.

Yeye alichonishauri, nivae wiki nzima nisibadili chochote nione kawaida yangu ni ngapi (2,800 hivi), halafu niongeze 300 tu, nikimaliza wiki mbili sijavimba naongeza tena. Na niwe na daftari, maana saa haioni ndani ya goti, inachojua yenyewe ni mkono umetikisika. Nikikaa kwenye mbuzi nakuna nazi inanihesabia natembea! Na nikitoka na mkongojo kwenye mkono huo huo wenye saa, hatua zinapotea, kwa hiyo vaa mkono usioshika kitu. Daftarini naandika asubuhi goti limekaza dakika ngapi, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, limevimba au halijavimba, basi. Likiwa linakaza zaidi ya nusu saa siku baada ya siku na vidole vya mikono navyo vimevimba, nenda hospitali usisubiri saa ikwambie, inaweza kuwa baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, na hiyo matibabu yake ni mengine kabisa.

Kliniki nilipeleka vyote, daktari saa kaiangalia mara moja akanirudishia, daftari akalisoma kurasa zote. Ila tulipovilinganisha tukaona kitu, maumivu yanapanda Alhamisi, na Jumatano ndo siku yangu ya gulio, hatua zinafika 6,000 na mizigo juu. Miaka yote mi nalaumu baridi ya alfajiri! Siku hizi gulio naenda na mjukuu abebe kapu, kurudi napanda bajaji.

Mwanangu nilimwambia ukweli wa friji. Alinuna kidogo, akajitoa kwenye ile apu, tukakubaliana Jumapili namtumia picha ya skrini nikijisikia. Kwa hiyo nyie mnaowanunulia wazazi hivi vitu, muulize kwanza mzee anataka uone au hataki, na umwonyeshe pa kuzima, mi nilikaa miezi miwili sijui kama kuna pa kuzima.

Jumapili iliyopita sikutuma. Akapiga, nikajua ndo yale yale, kumbe anauliza nimepika nini.