Peugeot ya marehemu baba: tuibadilishe au tuiache?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Baba yetu alifariki mwaka juzi na kutuachia nyumba mjini Tanga, shamba la michungwa Muheza, na gari aina ya Peugeot 504 GL, saluni (gari dogo la abiria lenye buti), alilolinunua mwaka 1976 kwa mkopo wa mwajiri wake. Katika kikao cha familia ilikubaliwa kwamba gari liwe langu mimi, binti wa tatu, kwa kuwa tangu utotoni ndiye niliyekaa naye kiti cha mbele, nikimshikia daftari alimoandika kila lita ya petroli na kila matengenezo. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Gari halijatembea kwa miaka sita. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya Lushoto. Kabla ya kumaliza mlima kutoka Mombo maji yalichemka, likarudishwa kwa kuvutwa, na fundi akatuambia kwamba injini imekwisha. Tangu siku hiyo limekaa chini ya mwembe, limefunikwa turubai.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, ananisaidia kwa moyo na kwa fedha zake. Anashauri tuweke injini na giaboksi ya Toyota, tulishushe kidogo, tulivalishe rimu pana, tuongeze kiyoyozi na kulipaka rangi nyeusi, ili nilitumie kila siku. Mama naye hataki liguswe hata skrubu. Nampenda kaka, namheshimu mama, na gari lenyewe sitaki liozee uani. Nifanye nini?

Msomaji, Tanga

JIBU

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mzee, na nimefurahi kusikia kwamba daftari lake limebaki mikononi mwako, kwa sababu litakufaa kuliko unavyodhani.

Niseme msimamo wangu mapema ili usome yaliyobaki ukijua ninakoelekea. Gari hilo litengenezwe, lisibadilishwe. Na chochote kitakachoongezwa kiwe ni kitu kinachoweza kuondolewa kwa spana siku moja, pasipo kuwa kimekatwa wala kuchomelewa chuma cha asili. Shauri la mama la kutoligusa kabisa halilindi kumbukumbu ya baba, kwa kuwa chuma kilicho chini ya turubai katika hewa ya chumvi ya Tanga kinaliwa kila usiku. Shauri la kaka, kwa upande wake, linaanzia mahali ambapo mtu angepaswa kumalizia, yaani linaichukulia injini kuwa imekufa kabla haijapimwa.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu habari ya mlima wa Mombo imenigusa. Feni ya Peugeot 504 haizunguki wakati wote kwa nguvu ya mkanda kama feni za magari mengi ya rika lake. Imefungwa mbele ya pampu ya maji, na ndani yake mna koili inayogeuka kuwa sumaku pale swichi inayohisi joto la maji inapopeleka umeme. Hapo ndipo feni inaposhikamana na puli na kuanza kuvuta hewa. Umeme huo hupitia brashi ndogo ya kaboni inayosugua kwenye feni, nayo huisha taratibu kama kipande cha chaki. Brashi ikiisha, gari litatembea vizuri kabisa barabara ya tambarare kutoka Tanga hadi Mombo, kwa kuwa upepo wa mwendo unatosha kupoza rejeta. Lakini likianza kupanda mlima kwa gia ndogo, polepole, likiwa na mzigo, hakuna kinachovuta hewa na maji yatachemka. Sidai kwamba ndicho kilichowapata, kwa sababu rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka huleta dalili zilezile. Ninachodai ni kwamba gari likichemkia pale, kitu cha kwanza cha kutazamwa ni brashi hiyo, na fundi asiyezijua 504 anaweza asijue hata kuwa ipo. Kuipima ni kazi ya dakika chache: upelekwe umeme wa betri kwenye waya wa brashi, na feni nzima ikishika puli kwa mlio mdogo, hapo pana uzima.

Baada ya feni itazamwe gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya kichwa cha injini na bloku, kwa kuwa hedi ya injini hii ni ya alumini, na alumini haipendi kuchemka. Ukifungua kifuniko cha oili na kukuta utandu mweupe mzito kama tui, maji yameingia kwenye oili, na hedi itafunguliwa na kupelekwa kusawazishwa. Hiyo ni gharama, lakini haifiki popote karibu na gharama ya kupandikiza injini ngeni.

Na hata kama pistoni zimechoka kweli, bado neno “imekwisha” halifai. Silinda za injini hii ni laina, yaani mabomba ya chuma yanayozungukwa na maji, ambazo huchomolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni zake, bila kuchonga bloku. Watengenezaji waliipa muundo huo ili ifufuliwe. Utengenezaji wa saluni za 504 nchini Ufaransa ulikoma mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha magari ya 504 kwa miaka mingi baada ya hapo, na ndiyo maana spea bado zinatafutika, hasa ukiwa na mtu wa kukuulizia Mombasa na Nairobi.

Sasa nimjibu kaka yako kwa heshima zote, jambo kwa jambo. Katika saluni ya 504, giaboksi na difu (kifaa cha nyuma kinachogawa nguvu kwenye magurudumu) havikuunganishwa na propela (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) iliyo wazi. Vimeunganishwa na bomba nene la chuma ambalo propela hupita ndani yake, na bomba hilo ni sehemu ya mpangilio mzima wa kulishikilia gari kutoka mbele hadi nyuma. Giaboksi ya Toyota haina mahali pa kulipokea. Kwa hiyo fundi atalazimika kulikata na kubuni njia ya kuipata difu, pengine kuiondoa difu yenyewe na kuleta ekseli nyingine, kisha kukata sakafu na kuchomelea vishikizo vipya vya injini. Ukishafanya hivyo huna tena Peugeot ya baba. Una bodi yake juu ya kitu kingine, na hakuna mtu atakayeweza kuirudisha. Naelewa kwa nini Toyota inavutia, kwa sababu ni injini inayojulikana na kila fundi kila kona, na kwa gari la biashara lililokwisha spea nisingembishia mtu. Gari lenu halijafika huko.

Kulishusha na kulivalisha rimu pana ningekataa hata kama ingekuwa bure. Sifa iliyolifanya gari hili lipendwe Afrika Mashariki ni springi zake ndefu laini, ambazo hulipitisha kwenye mashimo bila kumvunja abiria mgongo. Peugeot ilijijengea jina katika mashindano ya magari ya Safari Rally kwa barabara za namna hiyo: Bert Shankland, dereva aliyetokea Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, iliyoitangulia 504, na mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504. Ukilishusha unaiondoa sifa hiyo, na rimu pana zitazichosha bearing na kuusumbua usukani usiosaidiwa na pampu.

Kuhusu rangi, usikubali nyeusi kabla hujaitafuta ya asili. Nyanyua zulia la buti, au tazama nyuma ya paneli za milango mahali jua halikufika, utaiona ilivyokuwa mwaka 1976. Mama yako ataitambua. Kiyoyozi naweza kukikubali baadaye, mradi vishikizo vyake vifungwe kwa bolti na altaneta (kifaa cha kuzalisha umeme wa gari) iwe na nguvu ya kukibeba, lakini si kabla gari halijapanda Lushoto bila kuchemka.

Yapo mabadiliko ambayo ningeyafanya bila kusita, na naamini baba angeyakubali. Mikanda ya usalama viti vya nyuma, kama haipo. Rilei (swichi ndogo za umeme) za taa za mbele, ili umeme mwingi usipite kwenye swichi ya zamani na mwanga uongezeke. Mfumo wa kielektroniki wa kuwasha moto wa plagi, ambao unakaa ndani ya distribyuta (kigawa moto cha plagi) ileile na haumwonyeshi mtazamaji chochote. Vyote hivi hurudishwa nyuma kwa nusu siku, na kila kilichotolewa kiwekwe kwenye sanduku moja, kimefungwa karatasi yenye jina lake. Mimi niliwahi kurithi Land Rover ya mjomba, nikaruhusu dashibodi yake ikatwe ili iingie redio kubwa, na zile saa za asili zikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla sijarudi gereji. Nimezitafuta kwa miaka, na bado zinaniuma.

Kwanza kabisa, hata hivyo, litoe gari chini ya turubai. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani, na majani ya mwembe huziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele. Lipeleke chini ya paa, kisha mwende na bisibisi mkalichokoe pole pole: vizingiti chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, kitako cha betri, na juu kabisa ndani ya boneti pale shokamzoba za mbele zinaposhika bodi. Gari hili halina chesisi ya pekee. Bodi ndiyo chesisi, na bisibisi ikizama pale juu ya shokamzoba, fedha zote za kaka ziende huko kabla ya kitu kingine chochote.

Injini isiwashwe kwa papara. Petroli ya miaka sita imwagwe, oili ibadilishwe, plagi zitolewe, kila silinda itiwe oili kidogo, kisha injini izungushwe kwa mkono mpaka mjiridhishe kwamba haijakwama. Mipira ya petroli na ya breki ibadilishwe yote, hata ile inayoonekana nzima, na nyaya zikaguliwe, kwa sababu panya hawaachi kiti cha sponji kwa miaka sita. Usiogope kwamba petroli ya leo haina risasi, yale madini yaliyokuwa yakichanganywa humo na kulinda viti vya valvu: aina yenye risasi iliondoka katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na gari lenu lilitembea miaka mingi baada ya hapo. Mwambie fundi apime tu nafasi za valvu mara kwa mara. Zikipungua upesi, viti vya valvu vinaliwa, navyo vitabadilishwa hedi ikifunguliwa.

Jambo la karatasi nitalipitia kwa ufupi. Mpaka msimamizi akamilishe mgawo na kadi ya gari ihamishiwe jina lako katika Mamlaka ya Mapato, usitumie fedha nyingi juu yake, hata kama ndugu wote wamekubaliana kwa maneno. Kumbuka pia kwamba kadi huonyesha namba ya injini na rangi ya gari. Atakayevibadilisha bila kuandikisha atakuwa na gari lisilofanana na kadi yake, na askari wa barabarani atakuwa na haki ya kuuliza.

Ukipata nafasi, nenda Nairobi wakati wa maonyesho ya magari ya zamani ya Africa Concours d'Elegance, yanayofanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Watu hufunguliana boneti na kuelekezana mafundi na spea kwa moyo mweupe, na kaka yako akiongozana nawe ataona 504 iliyotunzwa inavyozungukwa na watazamaji.

Kuhusu kaka, nina ombi moja kwako. Usimjibu kwa kumkatalia, mpe kazi. Mwombe asimamie ukaguzi wa feni na hedi, naye aandike kila kinachofanyika katika daftari la baba, kuanzia mstari unaofuata pale mwandiko wa mzee ulipoishia. Mama naye muulize rangi ilikuwaje siku gari lilipoingia uani mara ya kwanza, kabla hujanyanyua zulia la buti. Kisha uniandikie mlichokuta kwenye ile brashi.