Miwani ya VR kwa mtoto anaeogopa kulazwa
Pole dada, umeuliza kama ununue miwani ya VR, ile ya kuvaa inayokuonyesha video kama uko ndani yake, kwa ajili ya kijana wako wa miaka 11 anaefanyiwa oparesheni ya ngiri hapo hospitali ya Bombo, Tanga, mwezi ujao na kila akisikia hospitali analia. Mi nakushauri usikimbilie kununua, bei yake kubwa. Kinachompa mtoto ujasiri ni kupaona mahali kabla hajafika, ndo maana King's College Hospital ya London walitengeneza programu ya simu inayomwingiza mtoto chumba cha MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha ndani ya mwili, kwa video ya nyuzi 360, anageuza kichwa anaiona mashine anasikia na makelele yake, basi siku yenyewe anafika hashtuki. Sasa wewe nenda wodini mapema umwombe sista ruhusa urekodi kwa simu mlango, korido, kitanda, bila sura za wagonjwa wengine, halafu mwachie mwanao simu ashike mwenyewe, arudie anapotaka, aulize maswali yote. Ukipata miwani ya kuazima sawa, ila dakika chache tu, akisikia kizunguzungu mvue, na kama ana kifafa ongea na daktari kwanza. Na tafadhali usimdanganye kwamba haitauma, mwambie sindano itauma kidogo.